Goziba: kitochi kikichakaa, kinunuliwe nini?

Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na wengi wakajua kuwa simu mpya si lazima iwe halali. Somo hilo bado linawahusu wavuvi wa kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Kitochi kikichakaa, macho huenda kwenye simu janja. Tunaona swali la kwanza ni chaji: kitochi hukaa siku kadhaa, simu janja hudai umeme karibu kila siku, na simu iliyozima ziwani haiiti msaada. Anayeitaka abaki na kitochi cha akiba. Kabla ya kulipa abonyeze *#06#, atume namba hizo 15 kwenda 15090. Jibu likitaja simu tofauti na iliyo mkononi, aiache dukani.