Ua Haliliwi, Wanasema

Ua haliliwi. Hiyo ndiyo hoja yao yote, na wakishaisema wananyamaza kama mtu aliyeshinda kesi. Nimeisikia kwa wafanyakazi wa mashirika, nimeisikia kwa viongozi wetu wa zoni, nimeisikia hata kwa mama zangu kwenye foleni ya bomba. Ua haliliwi, ua haliuzwi, ua halizibi turubai lililotoboka. Kwa hiyo mkimbizi mwenye ua kwenye kopo la mafuta ni mtu asiyejua shida zake mwenyewe, inabidi akumbushwe.

Mimi napinga. Sipingi kwa mashairi, washairi wa jarida hili wanisamehe. Napinga kwa hesabu, kisha kwa ajili ya ndugu zetu wanaopanda ndege kila mwaka kwenda kukaa gizani.

Hesabu kwanza. Katika mkutano wa maji hapa kwetu Nyarugusu, afisa mmoja alisimama akasema makopo ya maua yaondolewe milangoni, kwa sababu maji ni ya watu, si ya mapambo. Watu wakapiga makofi. Haya, tuhesabu pamoja. Viwango vya Sphere, ambavyo ninyi wa mashirika mnavijua kuliko mimi, vinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Kwa wiki ni lita 105. Ua moja kwenye kopo linataka kama nusu kikombe kwa siku, na msimu wa mvua halitaki hata hicho. Kwa wiki haifiki lita moja. Na nani kawaambia kwamba tunalimwagilia maji ya kunywa? Ua linakunywa maji tuliyooshea mchele. Linakunywa maji tuliyooshea lengalenga. Maji hayo tusipolipa ua, tunayamwaga uani, na uani hakuna anayekuja kukagua.

Nisieleweke vibaya. Siku bomba limekauka na dumu ni tupu, mtoto anywe na ua life. Hapo hakuna mwenye akili anayebisha. Lakini koki iliyokatika, ile inayovuja usiku kucha hadi pamekuwa dimbwi la bata, inamwaga kwa usiku mmoja maji ambayo makopo ya kijiji kizima hayawezi kuyamaliza kwa mwezi. Koki haikutajwa mkutanoni. Yalitajwa maua. Ni rahisi kumwambia mama ang'oe ua kuliko kuleta koki mpya.

Sasa nije kwenye baridi, maana hapo ndipo hoja ya «ua haliliwi» inapokufa kabisa.

Mdogo wangu alipata nchi ya tatu. Yeye, mume wake na watoto watatu wakapelekwa kaskazini kabisa mwa Norwe, kwenye mji wa Tromsø, wakafika Novemba. Asiyejua jiografia asikie: huko jua likizama mwisho wa Novemba halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Siyo kwamba kuna mawingu. Halitoki. Saa za mchana anga linakuwa la buluu, kama huku kwetu kabla jogoo wa pili hajawika, halafu usiku unarudi. Watoto wanakwenda shule gizani, wanarudi gizani.

Kabla ya safari alipewa darasa. Alifundishwa kuvaa koti, kutumia jiko la umeme, kusubiri basi, kutopiga watoto. Mafunzo mazuri, sikatai. Alifundishwa namna ya kutokufa kwa baridi. Namna ya kukaa ndani miezi mitano bila kuanza kuzungumza na ukuta, hakuna aliyemgusia.

Ujumbe wake wa sauti wa mwezi wa pili ninao mpaka leo kwenye simu. «Yaya, huku watu wote wana maua dirishani. Wote! Hata mzee anayeishi peke yake. Nje theluji imefika magotini, ndani ua limefunguka.» Ndugu zangu, hao si watu waliokosa mambo ya kufanya. Jirani yake ni bibi mstaafu aliyefanya kazi kiwandani, anakatakata samaki. Bibi huyo ndiye aliyemletea jani moja, jani tu, limefungwa kwenye karatasi yenye unyevu. Akamwonyesha: kikonyo cha jani unakizika kwenye udongo mwepesi, kama sentimita mbili au tatu, unafunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, unasubiri. Baada ya mwezi hivi kuna mizizi. Baadaye vitoto vinachungulia pembeni ya jani. Maua yenyewe yanataka miezi sita au zaidi. Mdogo wangu akauliza, linaitwaje? Bibi akasema: usambarafiol.

Usambara! Jina la milima ya Tanga. Wajerumani nao wanaliita hivyo hivyo, Usambaraveilchen. Mdogo wangu aliishi Tanzania tangu utotoni na milima hiyo hakuiona, maana kutoka kambini ni kwa kibali, na kibali cha kwenda kutazama maua sijasikia mtu aliyepewa. Alikwenda kuikuta Usambara kwenye dirisha la mzungu, juu ya theluji.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Wajerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo porini akalituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani za Hannover akaliandika kitaalamu na kulipa jina Saintpaulia. Bwana huyo wa Tanga alikuwa ameshatunga kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, kilitoka 1890. Kwa hiyo lugha ya kuwauliza wenyeji alikuwa nayo. Jina lililobaki ni la kwake.

Najua kuna mwenzangu ameshaanza kuandika: tazama, ua limetoka Afrika likapokelewa Ulaya, ua ni mkimbizi kama sisi. Tafadhali. Ua halikukimbia. Halikuchomewa nyumba, halikuvuka ziwa usiku, halikukaa miaka likisubiri usaili kisha likaambiwa faili limepotea. Lilichukuliwa kwa sababu lilipendeza. Tusijifariji kwa mfano wa uongo.

Kinachonifundisha mimi ni kitu kingine: wale waliolichukua waliuliza linataka nini. Kwao porini linaota kwenye miamba yenye kivuli, chini ya miti mikubwa. Kwa hiyo halitaki jua kali, na ndiyo maana linavumilia kukaa ndani ya nyumba. Linataka joto la chumba, kama digrii 18 hadi 24. Linataka mwanga wa saa nyingi, kwa hiyo gizani watu wanaliwekea taa, saa 12 mpaka 14 kwa siku, kisha wanalizimia lipumzike. Hita inakausha hewa, basi wanaweka sahani yenye kokoto na maji, kopo linakaa juu ya kokoto bila kuzama, mvuke unapanda taratibu. Usiku wanalisogeza mbali na kioo ili jani lisigandishwe. Zaidi ya miaka mia wamelichunguza hivyo, ua moja dogo la zambarau. Halafu mimi nikimwambia mtu wa shirika kwamba binadamu naye, akishapata mahindi, maharage na lita zake 15, bado kuna kitu anataka, naambiwa hilo si hitaji la msingi.

Na si ua hilo tu. Yale maua laini yenye shina la maji-maji, mekundu na ya waridi, ambayo mama zetu wanayapanda kwenye makopo hapa kambini na ndiyo yaliyoambiwa yaondolewe, nayo asili yake ni Afrika Mashariki, nayo yako madirishani Ulaya. Wanorwe wanayaita flittiglise, yaani Lise mchapakazi, kwa sababu hayachoki kuchanua. Ua limepewa cheo cha mchapakazi. Sisi huku kibali cha kazi ni hadithi ya bibi.

Nawageukia na wa kwetu sasa, maana si wageni peke yao. Kuna wanaume wanaosema maua ni mambo ya wanawake na ya wazungu. Kwani Fizi hapakuwa na maua mlangoni? Bukavu je? Mama yangu alikuwa na kibustani cha maua mbele ya nyumba kabla hajawa na sahani za kutosha, na hakuna aliyemwita mzungu. Tulipokimbia hatukubeba maua, ni kweli. Hatukubeba na vyeo vyetu, wala shahada zetu, na bado mnataka tuwaite «mwalimu» na «mchungaji». Vitu havifi kwa sababu havikuingia kwenye furushi.

Ninataka mambo matatu, na yote ni ya bei ndogo. Makopo yaachwe milangoni. Anayetaka kuokoa maji aanze na koki. Pili, wale wanaogawa mbegu za bustani za jikoni waweke humo na pakiti moja ya maua. Mchicha hautapungua. Mama aliyepanda mchicha wake pembeni ya maua anakwenda kuutazama mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na mnaopenda kuandika ripoti mtaliona hilo bila kutafuta mtaalamu.

La tatu ni la darasa la wasafiri. Liongezwe saa moja juu ya dirisha. Saa moja tu, baada ya koti na kabla ya basi. Waambiwe kwamba mmea na udongo havipandi ndege bila karatasi zake, kwa hiyo kopo lako mwachie jirani, na huko ukifika omba jani kwa mtu. Kuomba jani ni salamu inayoeleweka hata kabla hujajua lugha. Waambiwe ua linawekwa karibu na mwanga lakini lisigusane na kioo. Waambiwe wasilizamishe kwa huruma, maana ua la ndani linakufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Gusa udongo kwa kidole, ukiwa mkavu juu ndipo unamimina, na unamimina kwenye kisahani cha chini, siyo juu ya majani. Na maji yenyewe yakae kwanza chumbani mpaka yapoteze ubaridi. Ya bombani huko Januari ni kama barafu, na jani la Usambara likiguswa nayo linatoka madoa ambayo hayafutiki.