Daftari la Msiba Halina Safu ya Palizi

Mtu akifariki katika kijiji cha mkoani Kagera, Tanzania, kazi hujigawa haraka. Turubai linafungwa, kuni zinaletwa, vijana wanachimba kaburi, wanawake wanabeba maji na kumenya ndizi. Katibu wa chama cha kuzikana anafungua daftari: nani amefika, nani ametoa mchango, nani atapigwa faini kwa kutoonekana. Mfiwa hapiti nyumba kwa nyumba kuomba.

Mrudishe marehemu huyo nyuma miezi miwili, akiwa bado hai. Amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Mahindi yake yana majani manne, mvua imekolea, na magugu yanakimbizana nayo. Majirani wanakuja kumpa pole, wanakaa kidogo, wanaacha chane ya ndizi au noti ya shilingi elfu tano kando ya kitanda. Daftari limefungwa. Kama mkewe ndiye anayemuuguza, shamba limepoteza majembe mawili kwa siku moja.

Vijiji vyetu vimejipanga vizuri kwa kifo kuliko kwa ugonjwa, na hilo ni kosa linaloweza kurekebishwa. Shamba la mgonjwa linastahili utaratibu wenye nguvu kama ule unaolinda kaburi lake.

Sababu ya kwanza ni kalenda. Deni la hospitali linaweza kulipwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima, lakini palizi haikopesheki. Mahindi yakisongwa na magugu katika wiki sita za mwanzo, hasara haifidiki hata shamba likisafishwa vizuri baadaye. Ekari moja humchukua mtu mmoja mwenye jembe la mkono zaidi ya wiki nzima. Watu 20 huimaliza kabla jua halijawa kali. Familia inayokosa asubuhi hiyo moja ndiyo itakayonunua unga mwaka mzima, na mara nyingi itauza mbuzi au kukodisha kipande cha shamba ili iupate.

Kuna ushahidi wa karibu kuhusu nguvu ya ujirani na mipaka yake. Mwaka 2000 watafiti walizifuatilia kaya zote 119 za Nyakatoke, kijiji cha Wahaya huko Kagera, wakiuliza kila mmoja humtegemea nani anapopatwa na shida. Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliochambua majibu hayo, walikuta kwamba mtu akiugua, mtandao wa ndugu na marafiki husaidia kweli: chakula cha familia hakitetereki sana. Matumizi mengine ndiyo yanayobanwa. Jambo zito zaidi ni kwamba kaya maskini zilikuwa na mitandao myembamba kuliko zenye uwezo. Undugu, ukoo, dini, ukaribu wa nyumba na mali ndivyo vilivyoamua nani ana wa kumkimbilia. Lakini katika vyama vya kuzikana, kijijini humohumo, karibu kila kaya ilikuwamo. Huruma iliwafuata wenye watu wengi, na kanuni ikawafikia karibu wote. Anayedhani kwamba utu wa Mwafrika unatosha bila daftari anapaswa kulitazama tokeo hilo kwa makini.

Wengine watasema bima itamaliza tatizo. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, Kenya ikaanza mfumo wake mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024. Hizo ni hatua za kushukuru. Ila bima ya afya hulipia dawa na kitanda, hailimi. Nayo bima ya mazao inayofuata vipimo vya mvua, kama Kilimo Salama iliyoanza Kenya mwaka 2009, hutazama anga: mvua ikiwa nzuri na mkulima amelala na plasta mguuni, kipimo hakioni hasara yoyote.

Hata simu za mkononi, zilizoturahisishia mengi, zimeuelekeza msaada upande mmoja. Kundi la WhatsApp linaundwa, michango inaingia kwa M-Pesa kutoka Dar es Salaam na Nairobi, bili ya hospitali inalipwa. Mgonjwa anarudi nyumbani mzima na kukuta shamba limekuwa pori.

Wamarekani wa nyanda za kaskazini waliliona pengo hilohilo, ingawa wao wana mashine kubwa. Mwaka 2005 Bill Gross, rubani wa ndege za mizigo aliyekulia shambani North Dakota, alianzisha Farm Rescue. Mkulima akiugua, akiumia au akipigwa na janga, shirika linampelekea matrekta, mashine za kuvunia na watu wa kujitolea, baadhi yao kutoka majimbo ya mbali. Familia hutoa mbegu, mbolea na mafuta. Hapewi mtu fedha mkononi. Kinachotolewa ni kupanda na kuvuna kwa wakati. Jirani pia anaweza kupeleka jina la familia iliyokwama, na huo ni utaratibu wa busara, maana mkulima aliyezoea kujitegemea huona haya kuomba.

Finland ilikwenda mbali zaidi. Huko mfugaji akiugua, sheria inampa mbadala anayelipwa kuja kukamua ng'ombe, na yeye huchangia sehemu ya gharama. Haombi, kwa sababu ni haki yake. Serikali zetu haziko karibu kulipa vibarua wa namna hiyo. Lakini kijiji chenye majembe hakihitaji kusubiri hazina ya taifa.

Wala kazi ya pamoja si ngeni kwetu. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga, Warundi ikibiri, Wapare na Wasambaa msaragambo. Usukumani makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalilima kwa kushindana, na mpaka leo ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe mikononi. Desturi hizo zimedhoofika kwa sababu za kweli: vijana wamehamia mjini, kibarua kimekuwa na bei, na pombe na chakula cha wakulima humgharimu mwenye shamba, gharama asiyoiweza mgonjwa. Zaidi ya hayo, dola iliziharibia jina. Salongo, kazi ya lazima ya enzi za Mobutu huko Zaire, iliwafundisha watu kwamba kazi ya pamoja ni amri ya mkubwa.

Kwa hiyo jambo hili lisipewe mtendaji wa kijiji. Likae kwenye chama ambacho watu wamekiunda wenyewe na wanakiamini, yaani chama cha kuzikana. Daftari lile la msiba liongezwe safu moja: siku za jembe. Kila kaya idaiwe mathalani siku mbili kwa msimu, zitumike kwa kupanda, palizi au kuvuna tu, na mwanachama mmoja apewe jukumu la kupeleka jina la mgonjwa bila kumsubiri aombe. Wanaokuja kulima waje na uji wao.

Ugumu upo. Kifo hakina ubishi, lakini maumivu ya mgongo yanaweza kubishaniwa, na uvivu unaweza kujificha nyuma yake. Ugonjwa wa muda mrefu unaweza kuzimaliza siku za chama kizima. Kagera, iliyopigwa mapema na vibaya na UKIMWI, inalijua hilo kwa uchungu. Ukomo utahitajika, labda ekari moja kwa kaya kwa msimu. Na kaya ya mjane mzee, isiyoweza kutoa jembe, iruhusiwe kulipa kwa kulea watoto wa wanaolima. Mambo haya wanakijiji wanaweza kuyaamua wenyewe, kama walivyoamua faini ya anayekosa mazishi. Mkutano huo ungefaa uitishwe Februari, maana masika yakishaanza kila mwenye jembe yuko shambani kwake.