Kosa Si la Pedali

Leo naweka programu kando, maana nina dukuduku.

Juzi kijana tunayepiga naye gitaa kanisani alinifuata baada ya mazoezi. "Kaka, nikopeshe elfu 9. Nataka pedali nyingine ya distoshoni. Hizi mbili hazina sauti." Nikamwuliza vitufe vyake ameviweka wapi. Distoshoni: mwisho. Besi: mwisho. Sauti za juu: mwisho. Sauti za kati: sufuri. Pesa sikumpa.

Jamani, tuambiane ukweli. Wengi wetu tunanunua vifaa ili tukwepe kujifunza kuvitumia. Hata sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huu: programu ikiwa nzito tunaomba tarakilishi mpya, badala ya kusoma upya mistari tuliyoandika wenyewe.

Pedali inafanya nini hasa? Chukua Boss DS-1, iliyotoka mwaka 1978. Inakuza mawimbi ya gitaa, halafu daiodi zinakata vilele vyake. Ni kama kuandika amri: thamani yoyote inayozidi 100, ihesabu kuwa 100. Ukikuza kupita kiasi, karibu kila kitu kinakuwa 100. Mkono mzito na mkono mwepesi hulia sawa, na mvumo wa waya nao unapanda pamoja na muziki.

Tena, noti zikipita pamoja humo huzaliwa sauti mpya, za jumla na za tofauti zake. A ya hezi 110 na E ya hezi 165 huzaa 55, ambayo ni A ileile, oktavu moja chini. Tamu! Sasa piga noti sita kwa pamoja, distoshoni ikiwa mwisho. Unapata uji.

Na hizo sauti za kati mnazozifuta ndizo gitaa lenyewe. Chini kuna mwenyewe, mpiga besi. Juu kuna matoazi. Ukifuta kati, umejifuta. Ibanez Tube Screamer hupandisha sauti za karibu hezi 720, ndiyo maana gitaa lake hupenya bendi nzima.

Mtaniambia, "Lakini nyumbani inalia vizuri." Naam. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huisikia besi kwa udhaifu. Kwa hiyo chumbani unaongeza besi, na ukumbini inageuka matope.

Basi fanya hivi. Zima pedali. Weka vitufe vya amplifaya katikati, sauti iwe safi, na kwa ukubwa uleule wa kupigia na bendi. Rekebisha mpaka uipende. Kisha washa pedali, distoshoni robo tu, toni katikati. Kitufe cha ukubwa kiweke mahali ambapo kuwasha na kuzima hakubadilishi nguvu ya sauti. Baada ya hapo gusa kitufe kimoja kwa wakati mmoja, kama unavyotafuta hitilafu kwenye programu. Ukigeuza vitatu pamoja, hutajua kipi kilisaidia.

Jumamosi tulifanya hivyo na yule kijana, kwa pedali ileile aliyoitukana. Dakika 20. Mpiga besi akamwuliza amenunua gitaa gani jipya.

Mnaobisha, karibuni. Lakini kwanza pandisheni sauti za kati.