Video za wasanii wetu zisife pamoja na simu zetu

Ukiwa Lorugum na bando limekubali, ingia YouTube uandike Focus, Hocus Pocus. Focus ni bendi ya Uholanzi iliyoanzishwa Amsterdam mwaka wa 1969 na Thijs van Leer, mpiga kinanda na filimbi. Utawaona vijana wale wakipiga mbio mbio jukwaani, gitaa la Jan Akkerman likilia, naye van Leer akipaaza sauti kwa mtindo wa wachungaji wa milima ya Alps. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado unawaona wakitokwa jasho. Mwaka wa 2020 safari yao ya kuanzia 1970 hadi 1976 ilikusanywa kwenye sanduku moja la CD na DVD.

Sasa tafuta kitu cha kwetu. Tafuta kundi lililotingisha harusi za Lodwar miaka kumi iliyopita. Tafuta wacheza edonga wa Loima waliowahi kupanda jukwaa la Tobong'u Lore. Ukibahatika utapata kipande cha sekunde 30, upepo ukivuma kuliko wimbo. Jina la mwimbaji hakuna. Mwaka hakuna.

Usikimbilie kusema Wazungu wana pesa. Hapo Nairobi, Ketebul Music ya Tabu Osusa ilizunguka kuwatafuta wakongwe wa benga, ikawahoji na kuwarekodi, na mwaka wa 2008 ikatoa kazi yenye kitabu, CD na DVD pamoja. Baadaye wakafanya hivyo kwa muziki wa Wakikuyu na nyimbo za maandamano. Kwa hivyo Kenya inawezekana. Swali ni nani ataifanya Turkana.

Mpaka sasa kazi hiyo tumewaachia wageni. Miaka ya sabini, David na Judith MacDougall walikuja na kamera wakaishi na familia moja ya Waturkana, zikatoka filamu tatu, ikiwemo Lorang's Way. Watu wanaongea Kiturkana chao bila haraka, wanabishana kuhusu mahari na mifugo. Filamu hizo hufundishwa vyuoni ng'ambo. Wewe umeiona hata moja? Mwaka wa 2018 TEDx ikafanyika kambini Kakuma, na hotuba zake ziko mtandaoni hadi leo. Vizuri sana. Lakini mgeni hurekodi kilichomleta, kisha anapanda ndege. Hawezi kurekodi kila ngoma ya Jumamosi.

Na kuna gharama kubwa zaidi. Ukame ukitupiga, kamera za dunia hujaa hapa. Mizoga, mitungi mitupu, watoto wamekonda. Ni kweli yanatokea, lakini kama hizo ndizo picha pekee zinazohifadhiwa, mjukuu wako akitafuta Turkana ya leo ataona njaa tu. Hatajua kwamba tuliimba, tulivaa, tulicheka, tulikuwa na mastaa wetu. Mifupa ya yule Mvulana wa Turkana, iliyopatikana Nariokotome mwaka wa 1984, ina umri wa takriban miaka milioni 1.5 na imetunzwa Nairobi. Je, wimbo ambao babu yako alimtungia dume lake unatunzwa wapi?

Najua utasema, watu wanatafuta maji na wewe unaleta stori za video. Sawa. Lakini simu unayo mkononi tayari, na kila sherehe lazima uirekodi. Kinachokosekana ni mpango tu.

Mpango wenyewe si mgumu. Kwanza, usitegemee WhatsApp. Ukituma video huko inabanwa na ubora unashuka, kwa hivyo tunza faili ya kwanza. Pili, ipe jina linaloeleweka: msanii, wimbo, mahali, tarehe na aliyeshika kamera. Tatu, weka nakala sehemu tatu, mathalani kwenye simu, kwenye diski ya nje na kwenye akaunti ya mtandaoni, ili simu ikianguka mtoni Turkwel isizame na historia. Nne, omba ruhusa. Wimbo wa mzee kuhusu ng'ombe wake ni mali yake, usiutupe TikTok kutafuta likes bila kumuuliza.

Tano, kwa wewe msanii: sajili kazi yako KECOBO, inafanyika mtandaoni. Sheria ya Kenya inalinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, siku mtu atakapotumia wimbo wako kwenye tangazo, utahitaji ushahidi kwamba ni wako. Video yenye tarehe ni ushahidi mzuri kuliko kelele za Facebook.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche. Kila tamasha linalolipiwa na kodi yetu Lodwar lirekodiwe lote, na nakala iwekwe maktaba ambapo mwanafunzi wa Lorugum au Kakuma ataingia atazame bila kulipa.

Lakini usingoje kaunti. Wikendi hii kuna ngoma mahali. Mkiwa watano, mmoja ashike kamera, mwingine aandike majina. Anzeni na yule mama anayeimba vizuri kuliko wote kijijini, maana hakuna aliyewahi kumuuliza nyimbo zake alizitoa wapi.