Gari Linazima Kwenye Foleni, Nyumbani Kunawaka Moto

Kuna ugomvi ambao hata mashangazi hawana dawa yake. Baba akiendesha gari, safi. Mama akilichukua, linazima mara tatu kati ya Ubungo na Magomeni, honi zinapigwa nyuma yake, jasho linamtoka. Akirudi jioni anaambiwa hajui kukanyaga mafuta. Naye ana mdomo, anajibu. Chakula kinapoa mezani.

Cha kuchekesha ni kwamba hapo wote wawili wanasema kweli. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri, barabara nyeupe, vioo kashusha. Mama anatoka saa saba mchana, AC imewashwa, feni ya rejeta inazunguka, redio inaimba, na foleni haisogei. Tofauti haiko kwenye miguu yao. Iko kwenye mzigo ambao injini inabebeshwa wakati hakuna aliyekanyaga mafuta.

Hali hiyo ya injini kuunguruma yenyewe ndiyo mafundi wetu wanaiita sailensi. Kwa magari mengi ya petroli, injini ikishapata moto, sailensi inakaa kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika. Ukiachia pedali, mlango mkubwa wa hewa unafungwa, na injini inavuta hewa kupitia njia ndogo ya pembeni yenye valvu inayoendeshwa kwa umeme. Kontrolboksi ndiyo inaamuru valvu ifunguke kiasi gani, ikisikiliza sensa ya joto la maji, sensa ya mzunguko wa injini, sensa ya pedali, na taarifa kwamba AC imewashwa. AC ikiwaka, valvu inatakiwa ifunguke zaidi hapo hapo. Isipofunguka, gari linatetemeka kisha linazima. (Magari mengi ya siku hizi hayana valvu hiyo. Mlango mkubwa wenyewe unaendeshwa na mota.)

Sasa unakwenda gereji. Fundi wa kwanza anachukua bisibisi, anakaza skrubu ya mlango wa hewa, mzunguko unapanda, unalipa, unaondoka ukitabasamu. Mimi huyo simpendi! Kaficha ugonjwa, kavuruga na kipimo cha sensa ya pedali. Wiki mbili baadaye gari linanguruma mizunguko 1,500 kwenye taa nyekundu na mafuta yanakwisha hujui yamekwenda wapi.

Fundi wa pili anachomeka mashine, inasoma P0505. "Bosi, valvu imekufa, nunua nyingine." Polepole. P0505 maana yake ni kwamba mfumo mzima wa sailensi una hitilafu. Haijasema ni valvu. P0506 inasema mzunguko uko chini kuliko unavyotakiwa, P0507 uko juu. Hakuna hata moja inayokutuma dukani.

Fundi unayemtaka anaanza na vitu vya bei rahisi. Je, kuna mpira wa hewa uliopasuka? Njia ya valvu imejaa masizi? Betri na alteneta je? Injini ikiwaka, kwenye betri isome takribani volti 13.5 hadi 14.5. Umeme ukiwa dhaifu, kila sensa inaanza kusingiziwa. Kisha anaacha injini iunguruma na kutikisa waya na soketi ya valvu taratibu kwa mkono. Sailensi ikiyumba wakati anatikisa, ugonjwa ameushika: soketi imelegea, pini ina kutu, au waya umekatika ndani ya ganda lake.

Baada ya hapo ndiyo mita ya kidijitali inatoka. Anachomoa soketi, anawasha swichi bila kupiga stata, anatafuta volti 12 kwenye waya unaoleta umeme. Hakuna? Basi ni fyuzi, rilei au waya, na valvu haina kosa. Upo? Anapima valvu yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye valvu ya waya tatu, kutoka pini ya kati kwenda kila ya pembeni unapata karibu ohm 20 injini ikiwa ya baridi, na pande zote mbili zikaribiane. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imepiga shoti. Angalizo: valvu zenye saketi ndani yake hazipimwi kwa namna hii, afuate kitabu cha gari husika.

Hiyo shoti ndiyo ya kuogopa. Nissan Maxima za 2000 na 2001 zinajulikana kwa hili: maji ya rejeta yanapenya kwenye valvu, valvu inapiga shoti, inaunguza kontrolboksi. Mtu ananunua kontrolboksi nyingine, anaifunga kwenye valvu ile ile, nayo inaungua. Pesa ya ada ya mtoto hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa kontrolboksi imekufa, uliza swali moja tu: valvu umeipima imesoma ngapi? Asiyekuwa na namba, chukua ufunguo wako.

Mkisubiri siku ya gereji, yeyote atakayeendesha ajue hili. Injini ikizima gari likitembea, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla ya kuwa ngumu. Kanyaga mara moja kwa nguvu, usipigepige. Kwenye foleni zima AC, na kama ni otomatiki weka N huku mguu uko kwenye breki. Na wewe uliyebaki nyumbani, simu ikiita, pokea bila kuuliza amekanyaga nini.