Cheti cha Afya Si Risiti

Wako wasemao kwamba cheti cha afya cha mpishi ni pesa za kaunti tu, kama kibali cha biashara: lipa upewe. La, sivyo hata kidogo.

Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi zote mbili, leseni za biashara na usimamizi wa wauzao chakula. Lakini kibali ni ada. Ada ikizidi, mama wa viazi karai ana haki ya kulalamika, nasi twalalamika pamoja naye. Cheti ni ushahidi. Chasema: mtu huyu amepimwa.

Na kupimwa kuna maana. Mary Mallon, mpishi wa New York, aligunduliwa mwaka 1907 kuwa ana vijidudu vya homa ya matumbo, naye mwenyewe mzima, haumwi popote. Waliougua ni wale aliowapikia. Mtu wa namna hiyo hatambulikani kwa macho, wala kwa usafi wa kanzu yake.

Basi mwenye mkahawa ampaye kijana majina ya wapishi sita na bahasha, nao wako jikoni wakikanda mahamri, anunua nini? Na afisa apigaye muhuri, ashuhudia nini? Ushahidi wa uongo huo, wameugawana wawili. Na mtoto anunuaye mahamri akienda chuoni hana habari.

Enyi wenye mikahawa, waulizeni wapishi wenu leo hii: nani kati yao choo chake kilipelekwa kupimwa?