Huko angani hakuna sapu!

Jamani wadau, jana usiku bwenini palichimbika. Jamaa yangu wa fizikia anachora ndege nyepesi ya mtu mmoja, ya kujiundia mwenyewe. Mahesabu ya bawa safi kabisa. Nikamuuliza, na nyaya za kuvuta usukani wa mkia je? Eti atanunua duka la vifaa vya ujenzi, na zile klampu za nati mbili. Nikachoka!

We bwana, klampu zile zinauponda waya, na mtetemo wa injini unalegeza nati. Waya wa ndege unaopita kwenye puli una vikamba 7, kila kimoja nyuzi 19, ndiyo maana unapinda bila kuchoka haraka. Wa mabati, milimita 2.4, unahimili kama kilo 450. Kitanzi chake kinabanwa kwa kijibomba cha shaba na koleo yake maalumu, kisha unapima kwa geji. Skrubu za kukazia nazo unazifunga kwa waya mwembamba zisijifungue.

Akaniruka: mbona Marekani ndege za injini zisizofika kilo 115 hazidaiwi cheti? Kweli, ndivyo sheria yao ya 1982 inavyosema. Lakini hapo ndipo penyewe! Kama hakuna mkaguzi, mkaguzi ni wewe. Sisi walimu watarajiwa tunajua, mwanafunzi akijisahihishia mwenyewe anajipa mia.

Kanuna, kalala. Mwanangu, nuna tu, ila waya ule usinunue.